Ulimi wa Trela: Hesabu Kabla ya Moto

Hotuba kwa mafundi wa vyuma na wenye magari, Malindi

Assalamu alaikum, hamjambo nyote. Karibuni mafundi, karibuni wenye magari, karibuni vijana mnaojifunza kuchomelea.

Swali linaloletwa kwenye karakana zetu kila mara ni hili: "Fundi, nataka trela ya kwenda porini, nitumie tyubu gani?" Na jibu linalotoka upesi ni: "Tumia nzito, usiogope." Jibu hilo limevunja trela nyingi. Tyubu ni chuma cha pande nne chenye uwazi ndani; ile nzito iliyolazwa ubavu, au iliyotobolewa chini, au iliyochomelewa kwa kukata upana wake, huvunjika mapema kuliko tyubu nyepesi iliyosimamishwa vizuri ikaachwa safi. Kabla ya kuuliza tyubu, jua mambo mawili kwa namba: kilo ngapi zitaukalia mpira wa chuma wa kuvutia ulio nyuma ya gari, na kutoka kwenye mpira huo hadi mwanzo wa bodi ni sentimita ngapi. Ukizipata hizo mbili, tyubu inajitaja yenyewe.

Tuelewane majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Ulimi ni ule mkono wa mbele unaotoka kwenye trela ukaenda kufunga gari. Kapla ni kile kikombe cha mbele ya ulimi kinachoshika mpira wa chuma wa milimita 50. Mihimili ni vyuma viwili virefu vya pembeni, kushoto na kulia, vinavyobeba bodi. Mikingamo ni vyuma vinavyokingama kutoka mhimili mmoja hadi mwingine. Mkingamo wa mbele kabisa, pale ulimi unapoingia chini ya trela, tutautaja sana leo. Hapo ndipo nyufa huzaliwa.

Sasa njia zenyewe. Ukitoka Malindi ukapita Sala Gate kuingia mbuga ya Tsavo, au ukaingia ndani Marafa, au ukashuka Ngomeni kwenye mchanga, trela haivutwi tu, inapigwa. Barabara ya murram iliyojikunja kama bati ina mgongo mmoja kila baada ya sentimita 70 hivi. Kilomita 100 za njia ya namna hiyo ni mapigo zaidi ya laki moja na elfu arubaini. Chuma hakihitaji pigo moja kubwa ili kikatike. Mapigo madogo laki kadhaa yanatosha, mradi yakutane na mahali dhaifu. Ndiyo maana trela hubeba mawe mwezi mzima bila kuonyesha lolote, kisha ulimi ukakatika siku imebeba magodoro. Mwenyewe hushangaa. Kazi ya kuvunja ilikuwa imekwisha kufanyika zamani.

Tuchukue trela ya mfano tuihesabu pamoja. Bodi ina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.5. Uzito wote, chuma na mzigo kwa pamoja, usizidi kilo 750. Msione ni nyingi: mitungi 20 ya maji ya lita 20 peke yake ni kilo 400, na trela tupu yenye ekseli, springi, tairi na bodi ya plati hufika kilo 250 hadi 300 bila taabu. Nafasi iliyobaki kwa hema, jiko na mkaa ni ndogo.

Uzito unaokalia mpira uwe asilimia 10 ya uzito wote, yaani kilo 75. Ukipungua sana, trela itayumba nyuma ya gari kama mkia wa papa; ukizidi sana, utainamisha gari nyuma na kuchosha ulimi. Ili kuipata hiyo asilimia 10 kwa bodi hii, ikiwa ulimi ni sentimita 120 kutoka mpira hadi mkingamo wa mbele na mzigo umesambaa sawasawa, ekseli ikae sentimita 27 nyuma ya katikati ya bodi. Wengi huiweka katikati kabisa kwa sababu inapendeza machoni, halafu wanahangaika kusogeza mizigo mbele kila safari.

Nguvu ya kupinda ulimi pale kwenye mkingamo wa mbele ni kilo mara sentimita: 75 mara 120, tunapata 9,000. Chuma cha kawaida cha dukani, kisichokuja na cheti, kihesabiwe kwamba hupinda bila kurudi kikifika kilo 2,400 kwa kila sentimita mraba. Lakini gari likiruka shimoni, zile kilo 75 hugeuka 225 kwa nukta moja, na juu ya hapo kuna uchovu wa mapigo niliyotaja. Kwa hiyo trela ikiwa imesimama na mzigo wake, usiruhusu chuma kubeba zaidi ya robo ya nguvu yake: kilo 600 kwa sentimita mraba. Gawa 9,000 kwa 600, unapata 15. Hiyo ndiyo namba unayokwenda nayo dukani.

Namba ya nini? Kila tyubu ina namba yake ya kukataa kupinda, inayotokana na umbo lake. Kadiri chuma kinavyokaa mbali na mstari wa katikati, juu na chini, ndivyo namba inavyopanda. Tyubu ya mraba ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3, ina namba 8 na kidogo. Ya mstatili, 75 kwa 50 kwa 3, ina karibu 15. Ile ya 100 kwa 50 kwa 3 ina 22. Ukiongeza unene wake hadi milimita 4, unafika karibu 29. Ya mraba ya 75 kwa 75 kwa 3 ina karibu 20, na hapa tazameni vizuri: ina uzito sawa kabisa na ile ya 100 kwa 50 kwa 3, kama kilo 6.8 kwa mita, fedha zile zile mkononi, lakini iliyo ndefu kwenda juu inakupa nguvu zaidi ya kubeba.

Sasa rudini kwenye trela yetu inayotaka 15. Wanaotumia 50 kwa 50 moja katikati, na ndiyo inayoonekana mitaani kuliko zote, wanaweka 8 mahali pa 15. Trela ikiwa imesimama, chuma kimeshabeba karibu nusu ya nguvu yake. Shimo moja likizidisha mara tatu, umepita mpaka: ulimi unapinda na haurudi. Na kama ni ile ya geji 16, yaani unene wa milimita 1.5 hivi, namba yake haifiki hata 5. Hiyo ni ya fremu za milango na madirisha, isiwekwe ulimini hata kwa mkokoteni wa kuvutwa na tuktuk.

Watu wa pwani hawana sababu ya kushangaa haya. Tazameni nyumba za kale za mawe za Lamu: vyumba virefu lakini vyembamba, upana unakaribia mita tatu na hauzidi sana. Ni boriti za mikoko zilizoamua. Fundi wa zamani alijua boriti ina urefu wake, na ukiipanulia chumba itainama. Ulimi wa trela ni boriti iliyoshikwa upande mmoja tu. Ukiurefusha kutoka sentimita 120 hadi 180 kwa kilo zile zile 75, nguvu ya kupinda inapanda kutoka 9,000 hadi 13,500, na kule kuchezacheza kwa ncha yake kunaongezeka zaidi ya mara tatu.

Kwa hiyo usirefushe kwa mazoea, ila usifupishe mno pia. Kipimo cha chini kinatokana na kona. Gari likikunja sana, pembe ya bodi isije ikagonga bampa. Trela yetu ina upana wa mita 1.5, nusu yake ni sentimita 75. Ongeza umbali wa bampa na gurudumu la akiba la nyuma kama lipo, na nafasi ya vidole vya mtu anayefunga kapla. Sentimita 120 inatosha kwa magari mengi ya Hilux na Land Cruiser. Wenye kurudisha trela nyuma kila siku kwenye vichochoro watapenda 150, lakini wairudie hesabu.

Neno moja kuhusu kulaza tyubu. Ile ya 100 kwa 50 ikisimama ina 22. Ilaze ubavu, uifanye 100 iwe upana, inabaki 15. Theluthi nzima ya nguvu imepotea, na umeilipia. Hulazwa kwa sababu kapla inakaa vizuri juu ya upana mkubwa. Simamisha tyubu, chomelea bamba la milimita 6 mbele la kushikia kapla, basi.

Hayo yote ni kuhusu kupinda kwenda juu na chini. Porini kuna adui wa pili: kujisokota. Gurudumu la kushoto la trela likipanda jiwe la matumbawe na gari likiinamia kulia, kapla ya mpira huzunguka kidogo kisha ikagota. Ikigota, ulimi ndio unaosokotwa. Hapa ndipo tyubu iliyofunga pande zote nne inapoishinda chaneli, chuma cha umbo la U, na anglaini, cha umbo la L, kwa mbali mno. Nimekuja na bomba la karatasi, lile linalozungushiwa kitambaa dukani. Lishike huku na huku ulisokote: gumu, halisokoteki. Sasa nalipasua kwa kisu mstari mmoja kwa urefu wake, karatasi ni ile ile, haikupungua hata chembe. Sokota tena. Limelegea kama mkeka. Kwa tyubu ya 100 kwa 50 kwa 3, mpasuo mmoja wa namna hiyo hupunguza ugumu wa kujisokota zaidi ya mara 300. Chaneli ni tyubu iliyozaliwa na upande mmoja wazi. Wenye njia mbaya sana waiache kapla ya mpira kabisa, watumie pete na pini inayozunguka, ili msokoto usifike kwenye ulimi.

Na adui wa tatu ni wa pembeni: kuvutwa upande trela ikiwa imezama mchangani, au kurudi nyuma kwa kona kali. Tyubu moja ya katikati ina upana mdogo wa kukataa hilo. Ndiyo sababu kwa trela ya porini tunasema bila kusitasita: fanya ulimi wa V, miguu miwili inayokutana kwenye kapla. Kapla nyingi za V hutengenezwa kwa pembe ya nyuzi 50 kati ya mguu na mguu. Kwa pembe hiyo, ukiwa sentimita 120 kutoka kwenye mpira miguu imeachana mita 1.12, na inaifikia mihimili yetu ya pembeni sentimita 161 kutoka kwenye mpira, yaani kama sentimita 40 nyuma ya mkingamo wa mbele.

Hizo sentimita 40 ni dhahabu. Mguu wa ulimi usiishie kwenye mkingamo wa mbele kwa kugonganisha uso kwa uso. Upite chini yake, uende ukamatane na mhimili. Ukiishia mbele, nguvu yote ya kupinda inabebwa na mstari wa weldi na huo mkingamo unaosokotwa. Ukipita, nguvu inashikwa na sehemu mbili zilizoachana, na weldi inafanya kazi ndogo. Tena nguvu kubwa kabisa haipo hata kwenye mkingamo. Kwa mzigo uliosambaa inakuwa sentimita 24 hivi nyuma yake, ikifika 9,900. Aliyekata ulimi mbele ameukata kabla ya mahali unapohitajika zaidi.

Miguu miwili ya 75 kwa 50 kwa 3, imesimama, inakupa jumla ya karibu 30, wakati ulihitaji 15. Chuma kinabeba kilo 340 hivi kwa sentimita mraba, na shimoni elfu moja na kitu. Hapo mtu analala usingizi.

Mihimili je? Juu ya ekseli, sehemu ya nyuma ya bodi inaning'inia na kuipinda mihimili kinyume: sasa upande wa juu ndio unaovutwa. Kwa trela yetu ni 13,600, ikagawanywa kwa mihimili miwili, 6,800 kila mmoja. Mhimili wa 75 kwa 50 kwa 3 unabeba 460 kwa sentimita mraba, tuko chini ya 600. Wa 50 kwa 50 kwa 3 unapita 800. Kwa hiyo tyubu moja, 75 kwa 50 kwa 3, inafaa kwa mihimili, miguu ya ulimi, na mikingamo ya mbele na nyuma. Na ikiwa umepanga vizuri, tyubu mbili za mita 6 zinatosha zote: kila moja ikate mhimili wa mita 2.4, mguu wa mita 1.9 na mkingamo wa mita 1.4. Jumla 5.7, kinabaki kipande cha sentimita 30 cha kujaribia mashine. Mikingamo mitatu ya ndani ikatwe kwenye tyubu moja ya 50 kwa 50 kwa 3, mita 1.4 kila mmoja, ikae kila sentimita 60. Fremu nzima na ulimi wake ni kama kilo 83.

Kwa trela kubwa, ya kilo 1,200 na ulimi wa sentimita 150, hesabu ni 120 mara 150, yaani 18,000. Gawa kwa 600, unahitaji 30. Tyubu moja ya 100 kwa 50 kwa 4 haifiki. Miguu miwili ya 75 kwa 50 kwa 3 iko ukingoni kabisa. Weka miguu miwili ya 100 kwa 50 kwa 3, una 44, na mihimili iwe ya kimo hicho hicho. Na trela ya uzito huo iwe na breki zake yenyewe. Bila breki, kila gari linaposimama ulimi unasukumwa na kilo 1,200 zinazotaka kuendelea na safari.

Tuingie dukani. Maandishi ya kwenye tyubu yasikutulize. Tyubu ya 100 kwa 50 kwa 3 ya mita 6 iwe na uzito wa kama kilo 40. Ikiwa mizani inasema 34, unene ni milimita 2.5, hata ikiandikwa 3. Pima unene kwa kalipa, kile kipimo cha kubana, mahali ilipokatwa, mbali na mshono na mbali na kona, na usipime penye kinundu cha msumeno. Tazama mshono wa kiwandani ndani ya tyubu. Ukiwa na mapengo, rudisha. Ukijenga, mshono huo uuweke ubavuni, katikati ya kimo. Usiuweke juu wala chini.

Kuchomelea, sasa. Hapa ndipo kazi nzuri ya hesabu huharibiwa kwa nusu saa. Trela ikivutwa na mzigo wake, upande wa chini wa ulimi unavutwa kama kamba. Gari likitumbukia shimoni mbele, unageuka, upande wa juu ndio unaovutwa. Kwa hiyo nyuso mbili hizo, juu na chini, ziheshimu. Usipitishe mstari wa weldi kukata upana wa uso wa chini wala wa juu wa ulimi. Mstari kama huo ni kama kukwaruza kioo kabla ya kukivunja. Pale mguu unapopita chini ya mkingamo, chomelea kwa kufuata urefu wa mguu, kwenye kingo zake mbili, uache ule upana wazi. Ukitaka kuongeza nguvu, weka bamba la milimita 5 ubavuni, limechongwa ncha kama mkuki huku na huku, ulichomelee pande ndefu tu. Bamba la mraba lenye weldi kali mwisho wake halimalizi tatizo: linauhamisha ufa sentimita tano mbele.

Kwa ukuta wa milimita 3, rodi ya kuchomelea ya aina ya 6013, ya milimita 2.5, ampea 70 hadi 90, inafaa, kwa mkono uliotulia. Ampea ndogo, weldi inakaa juu kama nta bila kuingia. Kubwa mno, inachimba mfereji pembeni mwa mshono, na mfereji huo ni ufa uliokwisha kuanza. Rodi za 7018 zina weldi nzuri zaidi kwa kazi ya mapigo, lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu. Zikishauvuta zinahitaji tanuri ya nyuzi 300 na zaidi, jua la Malindi halitoshi. Asiye na tanuri atumie 6013 kavu iliyofungwa vizuri, kuliko 7018 iliyolala wazi tangu masika. Na ukichomelea tyubu ya mabati, yaani iliyopakwa zinki, saga zinki sentimita tatu kila upande na ufanyie kazi penye upepo. Moshi wake mweupe huleta homa ya usiku kucha.

Shika kwa vidoti kwanza, upime. Kona hadi kona, pande zote mbili zilingane, tofauti isizidi milimita 3. Kisha vuta uzi kutoka katikati ya kapla hadi bolti ya mbele ya springi ya kushoto, halafu ya kulia. Zisipolingana trela itatembea upande kama kaa, itakula tairi, na itaupinda ulimi kila mita ya njia.

Halafu kuna vitu vidogo. Gurudumu la kuegemea la mbele, kishikio cha mtungi, ndoano ya mnyororo, taa, gurudumu la akiba: vyote hivyo watu huvichomelea juu au chini ya ulimi baada ya trela kumalizika, mara nyingi na fundi mwingine, penye nafasi. Nyufa nyingi huanza hapo. Vishikio vyote viende ubavuni, katikati ya kimo cha tyubu, na matundu ya bolti vile vile. Hapo katikati chuma hakivutwi wala hakibanwi na kupinda, kinaweza kusamehe. Minyororo ya usalama iwe miwili, kila mmoja kwenye mguu wake, ipishane chini ya kapla, ishike fremu na si kapla yenyewe. Kibao cha uzito kikae kwenye bodi. Usiutoboe ulimi kwa ajili yake.

Springi hazikuwa mada yetu, ila zinaugusa ulimi moja kwa moja. Mtu huchukua springi za pikapu la tani moja, na vyuma vyake vyote, akaziweka chini ya trela ya kilo 750. Hazinyumbuki kabisa. Kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi kwenye kapla, na zile mara tatu tulizohesabu zinakuwa nne au tano. Toa vyuma hadi trela iliyojaa ishuke sentimita tano hivi kutoka ilipokuwa tupu, na punguza upepo wa tairi ukiacha lami.

Tumalizie na kutu, kwa sababu tuko Malindi. Wanaobeba mizigo karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, au wanaoshusha boti baharini, wanajua chuma kinavyoliwa. Tyubu huliwa kutokea ndani, isikoonekana. Ile ya 100 kwa 50 kwa 3 ikipoteza milimita moja ndani, namba yake inashuka kutoka 22 hadi 15 na nusu, na rangi ya nje bado inang'aa. Chagua moja: ama uzibe ncha zote kwa weldi isiyopitisha hewa, ama uache wazi na utoboe tundu la milimita 8 la kutolea maji mahali pa chini kabisa penye nguvu ndogo, kama mwisho wa mkingamo. Kati na kati ndiyo mbaya kuliko zote: tundu la bolti linaingiza maji ya chumvi na hakuna pa kutokea. Ukitoka baharini, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi, ndani ya tyubu pia kama ziko wazi.

Siku ya kwanza ya kupakia, usikisie zile kilo 75. Funga kuni magurudumuni, ning'iniza kapla kwa mizani ile ya kupimia samaki au korosho, kwenye kimo kile kile cha mpira wa gari, usome. Ikiwa ni 40, sogeza mzigo mbele. Ikiwa ni 130, rudisha nyuma. Maji yakae juu ya ekseli, maana yanapungua safarini. Mitungi ikiwa mbele, ukiondoka una 75 na ukirudi una 30, na trela inaanza kuyumba siku ya kurudi wakati dereva amechoka.

Baada ya kilomita 50 za mwanzo kaza bolti zote za springi na kapla. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya, lala chini ya trela na kitambaa, mafuta ya taa na chaki. Futa ulimi penye mkingamo wa mbele, juu, chini na kwenye kona zake, pamoja na kila ncha ya weldi. Paka mafuta ya taa, ngoja dakika kumi, futa pakauke kabisa, kisha pakaze chaki iliyosagwa. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari mweusi mwembamba kama unywele juu ya weupe wa chaki. Ukiuona mstari huo, trela isivutwe tena hadi hapo pamechimbwa kwa grenda mpaka ufa uishe, pakajazwa weldi upya, pakasagwa laini, na mabamba ya ubavuni yakaongezwa. Ukichomelea juu yake bila kuuchimba, ufa unabaki chini ya weldi mpya, na utarudi.

Shukran. Tyubu za mfano ziko mezani pamoja na kalipa na mizani. Njooni mzipime kwa mikono yenu.